Kabla Hujawa Kapita wa Mama Ngalula

Feza mwanangu,

Umekwenda Kikula kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia uondoke kabla hujala. Kwa hiyo nina muda mpaka jua lishuke nyuma ya bomba la kiwanda. Barua hii lazima iishe kabla hujarudi, kwa sababu mbele yako sitaweza. Nitaiweka juu kabisa ndani ya sanduku, chini ya kitenge cha bluu, uisome ndani ya treni. Isome yote kabla ya Tenke. Baada ya Tenke watu wanaanza kukusanya mizigo na mtu hafikiri tena.

Habari za kuchemsha maji, za kidonge cha malaria na za wanaume wa Kolwezi sitaziandika. Nimekwisha kuzisema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Ninaandika kwa sababu ya ile karatasi uliyonisomea jana tulipokuwa tunakula.

Uliisoma umesimama, kama mtoto anayesoma matokeo yake: majina kumi na manne ya wanawake wa karakana ya ushonaji utakayoisimamia kama kapita. Ulipofika jina la tatu kutoka mwisho nikakuomba urudie. Ukarudia: Ngalula, na jina lake la pili. Ukaniuliza kama namfahamu. Nikajibu kwamba akina Ngalula ni wengi, kila nyumba ya Wakasai ina Ngalula wake. Nilikudanganya, mwanangu. Namfahamu. Nilimpeleka gerezani kwa kosa langu mimi.

Halafu ukasema jambo jingine, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ulisema, "Usiogope, Mama. Minye nitafanya sawa weye." Ukacheka, ukaitungua bobini kwenye msumari wake ukutani, ukaitia ndani ya sanduku. Leo asubuhi nimeitoa na kuitupa jikoni ndani ya makaa. Ilikuwa mbao kavu, haikuchukua muda. Usiitafute.

Wewe unaifahamu kama kitu cha kuchekesha cha mama yako, gurudumu tupu la uzi lenye kamba ya kuvaa shingoni, ambalo kwalo Mama Kapita alinyoosha wanawake kumi na wawili. Umekua ukisikia watu wakinisifu. Hakuna aliyekuambia lilikotoka.

Lilitoka shuleni. Kwa watawa, tuliowaita Mamère, msichana aliyesikika akisema Kiswahili badala ya Kifaransa alivalishwa kibao shingoni. Alikivaa mpaka amkamate mwenzake akisema Kiswahili, naye amvalishe. Kengele ya jioni ilipolia, aliyekuwa nacho alipiga magoti kwenye changarawe huku wengine wakienda kula. Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Mwandiko wangu ulionyeshwa kwa wageni. Na nilikuwa hodari wa kibao kuliko wote, kwa maana kila kiliponifikia hakikukaa. Siku moja kiliniangukia karibu kabisa na kengele. Nilimwendea rafiki yangu, tuliyekuwa tukigawana kitanda kimoja wakati wa baridi, nikamkanyaga mguu kwa kisigino. Alipiga kelele, "Mama weee!" Nikamvalisha. Mtawa aliona yote, kisigino na kelele. Alinishika kichwani akaniambia kwa Kifaransa kwamba nitafika mbali.

Nilifika, Feza. Nilifika Shituru.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane waliponipa karakana ya mavazi ya kazi kwenye kiwanda hicho cha shaba. Wewe ulikuwa unaanza shule. Wanawake kumi na wawili, wote wake za wafanyakazi, mashine za kukanyaga kwa mguu, dirisha moja kubwa la kuelekea kiwandani. Tulishona ovaroli na aprani, na vile vifuniko vinene vya sufu vya wanaume wa ukumbi wa matangi, kule shaba inakoning'inizwa ndani ya asidi. Kifuniko kinafunga goti mpaka juu ya buti, tone lisiingie. Kila mshonaji alikuwa na namba yake, na aliishona kwa ndani ya kila kitu kilichotoka mikononi mwake.

Wiki ya kwanza niliumwa kichwa. Walikuwa wakishona kama watu wanaotwanga pamoja. Huyu anamalizia mfuko wa yule, yule anambembeleza mtoto wa huyu, mwenye macho mabovu anatungiwa sindano na jirani bila kuomba. Ovaroli moja ilipita mikono minne. Likionekana kosa, nilishindwa kujua ni la nani, na nilipouliza walisema, "Ni letu, Mama," wakacheka na kulifumua. Nilifikiri wananidharau. Sikuona kwamba kosa lilikuwa limekwisha kufumuliwa.

Basi nikaleta bobini. Mwenye kosa anaivaa. Anaivua atakapomkamata mwenzake. Atakayekuwa nayo saa kumi na nusu anabaki kuosha choo, na siku hiyo hapewi vipande vya kitambaa. Unajua maana ya vipande. Nusu ya watoto wa kambi ya wafanyakazi walivaa vipande vyetu. Mwanamke aliyerudi mikono mitupu jioni, watoto wake walijua mama yao amekosa nini siku hiyo. Nililijua hilo nilipoweka sheria. Ndiyo sababu niliiweka.

Pia nilikuwa na daftari. Kila siku niliandika namba ya aliyevalishwa, saa, na kosa. Niliandika kwa ule mwandiko wangu.

Kelele zilikwisha ndani ya siku nne. Kila mmoja alivuta kiti chake, akashona peke yake, jicho moja kwenye sindano na jicho jingine kwa jirani. Mwenye macho mabovu alijitungia mwenyewe mpaka vidole vikatoka damu. Mkurugenzi alipopita na wageni alisema karakana yangu ni tulivu kama kanisa. Nilipewa fulari ya Chama ya kufunga shingoni, na ile karatasi ya sifa yenye fremu inayoning'inia juu ya redio. Umeipangusa vumbi kila Jumamosi tangu una miaka saba, na mimi nimekuangalia ukiipangusa.

Halafu yakaja majuma ambayo daftari lilianza kupendeza. Bobini ilizunguka sawasawa, kila mmoja mara moja kila majuma mawili, hakuna aliyeonewa. Nilidhani nimewafundisha. Miaka mingi baadaye Mama Kyabu, mmoja wao, huyu wa nyumba ya tatu, ndiye aliyenifungua macho: walikuwa wamepangana zamu. Kila siku mmoja alijitolea kukosa kosa dogo, mshono uliopinda au kifungo kilicholegea, ili nipate cha kuandika. Makosa makubwa waliyaficha. Kitu pekee walichokifanya pamoja chini yangu kilikuwa kunificha mambo, na walikifanya vizuri kuliko ovaroli yoyote.

Ngalula hakuwa ndani ya mpango huo. Alikuwa na miezi miwili tu kwetu. Mume wake alikuwa dereva wa vichwa vya treni, ametoka Kolwezi, na mke alikuwa ameshona katika karakana ya huko, hiyohiyo unayoiendea. Wenzake hawakumwambia habari ya zamu. Alikuwa mgeni, alikuwa Mkasai, na alikuwa na tabia ya kusema kitu anapokiona.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Sufu ya vifuniko inashonwa kwa uzi wa sufu uliotiwa nta. Uzi wa pamba hauwezi, asidi inaula. Siku ile ghala lilikuwa limeleta maboksi mawili ya rangi moja ya kijivu. Nilikuwa na haraka, kwa sababu wakubwa wa Chama walikuwa wanakuja mwisho wa juma, na kuanzia saa sita wanawake wote walitakiwa uwanjani kujifunza nyimbo na ngoma za kumsifu Rais. Vifuniko arobaini vilitakiwa kuisha kabla ya hapo. Nikafungua boksi, nikagawa uzi mwenyewe, meza kwa meza. Sikusoma kilichoandikwa. Mimi, niliyefundishwa kusoma.

Saa tatu Ngalula alisimama mbele ya meza yangu, uzi mkononi. Akasema, "Mama, iko kosa."

Nilikuwa ninaandika. Sikuinua macho. Nikamuuliza, "Nani alikosa?"

Mashine zikaanza kunyamaza, moja baada ya nyingine. Nikainua macho. Aliangalia uzi, akaniangalia mimi, akaangalia tena uzi. Nikauliza mara ya pili, kwa sauti ile ambayo wewe unaifahamu. Akasema polepole, "Minye sijue namna ya kuisema, Mama."

Nikamwambia, "Kama haujue, basi mwenye kosa njo weye."

Bobini ilikuwa kwa Kyabu siku ile. Nikaitoa shingoni mwake nikamvalisha Ngalula. Kyabu akajinyoosha mgongo, akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Aksanti Yezu. Choo ya leo ilipata mwenyewe." Karakana ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa nimefurahi kwamba kwa mara moja wamecheka mbele yangu. Nikaandika ndani ya daftari: namba tisa, saa tatu, uzi.

Ngalula alirudi kwenye mashine yake. Mtu aliyevaa bobini hasemi tena, kwa kuwa neno lake linachukuliwa kama hila ya kuivua. Alishona vifuniko vyake kwa uzi niliompa, akashona na namba yake ndani. Jioni aliosha choo.

Vifuniko vilivaliwa siku kumi na tatu. Siku kumi na tatu wanawake kumi na wawili walijua kwamba uzi ulikuwa wa pamba, na waliosha, walipika, walilala na waume wao, na wengine kati ya waume hao walikuwa wanaume wa matangi. Kila asubuhi waliniamkia. Sina haki ya kuwahukumu. Nilikuwa nimewajengea nyumba ambayo mlango wake unafunguka upande mmoja.

Siku ya kumi na nne mishono ilifunguka kwenye miguu yote miwili ya Kabwe, mmoja wa wanaume wa matangi, alipokuwa anavuta bamba la shaba kutoka kwenye tangi. Asidi iliingia ndani ya buti zote mbili. Buti ikishajaa, mwanangu, haivuliki haraka. Wenzake walipomfikisha kwenye bomba la maji alikuwa amekwisha kuzimia.

Ni yule Tonton Kabwe wa barabara yetu. Ulipoanza kumjua alikuwa na miguu ile, ukadhani alizaliwa nayo. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa mpira, winga wa kushoto, na wasichana wa Panda walikuwa wanakuja kwa miguu kumtazama. Ulipokuwa na miaka tisa ulitembea nyuma yake ukiiga mwendo wake, watoto wakacheka, nami nikakuingiza ndani nikakupiga kwa rula ya mbao mpaka ikavunjika. Uliniuliza kwa nini. Nilisema ni kwa ajili ya adabu. Ukweli ni kwamba nilimpiga mtu mwingine, lakini mwili uliokuwa karibu ulikuwa wako.

Siku ile ya ajali, kabla watu hawajafika kuuliza, nilikwenda kabatini nikasoma boksi: pamba. Nilijua basi, Feza. Yote yaliyofuata niliyafanya nikijua.

Uchunguzi ulifanywa na mtu wa Chama pale kiwandani. Tulimwita Citoyen, yaani raia, kwa sababu neno bwana lilikuwa limekatazwa. Aliweka kifuniko mezani, akageuza ndani, akasoma namba tisa. Akaniomba daftari. Alifungua, akapata siku, akaweka kidole: namba tisa, saa tatu, uzi. Alisifu mwandiko wangu. Akaniuliza kama huyu mwanamke alionywa juu ya uzi siku ileile, na akaendelea hata hivyo.

Nilisema ndiyo. Haikuwa hata uongo, ukiyatazama maneno peke yake. Alikuwa ameonywa, kwa kamba shingoni.

Akasema basi si uzembe, ni hujuma, na hujuma dhidi ya mali ya taifa ina mahali pake. Sote tulijua barabara ya Buluo inaishia gerezani. Aliniachia karatasi niisaini baada ya chakula cha mchana.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuja kula. Nilimwambia yote, yeye mmoja tu ndiye niliyemwambia. Alikula mpaka akamaliza bukari, akanawa, halafu akasema, "Saini. Wakianza kutafuta juu, nyumba itakwenda." Nyumba ilikuwa ya kampuni. Ulikuwa umelala kwenye mkeka, homa imekushika. Nilikuangalia, na kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilisaini kwa ajili yako. Usiibebe hiyo. Ningesaini hata kama nisingekuwa na mtoto. Nilichokihofia kilikuwa kusimama mbele ya wale kumi na wawili na kusema: mimi.

Walimchukua Ngalula kutoka kwenye mashine yake. Aliondoa kwanza nguo chini ya sindano, akakata uzi, akafunika mashine kama nilivyowafundisha.

Vile vifuniko vingine vilikuwa bado viko miguuni mwa watu. Niliomba virudishwe vyote kwa ukaguzi. Tulifunga mlango, mimi na wale kumi na mmoja, tukavifumua na kuvishona upya kwa uzi wa sufu, siku mbili. Hakuna aliyesema neno juu ya sababu. Mmoja alifumua, mwingine akatunga sindano, mwingine akashona, mimi mwenyewe nikatia nta. Hakuna aliyemwangalia jirani kwa jicho la kukamata. Hizo ndizo siku mbili ambazo karakana yangu ilifanya kazi kama watu wa mwili mmoja, na tulikuwa tunamzika mwenzetu.

Alikaa miezi saba. Watoto wake watatu walilelewa na majirani zao. Binti yake mkubwa alikaa dawati moja na wewe. Nilikwenda kwa mwalimu nikaomba ubadilishwe nafasi. Ulilia, ulimpenda. Nilisema ana chawa.

Alipotoka, mume wake alikuwa amekwisha kurudishwa Kolwezi. Ngalula alipita karakanani mara moja tu, mchana, kuchukua mkasi wake, kwa kuwa mkasi ulikuwa wa kwake mwenyewe. Nilikuwa peke yangu, wengine wamekwenda kula. Alikuwa amekonda, na nywele zilikuwa zimenyolewa. Nilimpa mkasi. Nilitaka kusema kitu, na nilichokisema kilikuwa kwamba nimeutia mafuta usishike kutu.

Aliufungua, akaufunga, akaujaribu kwenye kipande. Halafu akaniambia, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mwingine njia: "Mama, siku ile uliniuliza nani alikosa. Kama ungeniuliza kitu gani iliaribika, ningesema."

Akaondoka. Sijamwona tena.

Niliendelea kuwa kapita miaka mingine kumi na miwili. Ungependa niandike kwamba nilibadilika siku ile. Sikubadilika. Niliitundika bobini ukutani, ni kweli, na nikasema wamekomaa hawaihitaji tena, nao wakaniitikia. Lakini nilibaki na swali langu lilelile. Kikombe kikivunjika hapa nyumbani, wewe na kaka zako mlisikia nini kutoka kwangu? Mlisikia: nani? Mkajifunza kuficha vigae. Mdogo wako alikanyaga kigae mlichokifukia nyuma ya choo, na kovu analo mpaka leo. Nilipouliza nani alikifukia, mliangaliana wote, na niliwatambua kwenye nyuso zenu wanawake wangu kumi na wawili.

Mama Kyabu alikuja kunisalimia nilipopumzishwa kazi. Tulikuwa tunakunywa chai, tunakumbuka vichekesho. Nikajikuta ninamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza mtu: kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia ndani ya siku kumi na tatu. Hakukasirika. Unamjua, hata msibani anatafuta pa kuchekea. Alisema, "Tungekuvalisha wapi, Mama? Shingo yetu ilikuwa ya bobini. Shingo yako ilikuwa na fulari ya Chama." Akacheka, akaongeza sukari. Nikamuuliza kama wanamkumbuka Ngalula. Akaacha kucheka. Akasema kwamba yeye binafsi anamkumbuka kila anapoosha choo.

Hivyo, mwanangu, sina njia nzuri ya kukupa. Ninayo moja mbaya ninayoifahamu kila jiwe lake. Nimeona kwamba ukiwapa watu njia ya kushusha kosa watalishusha mpaka limfikie asiye na wa chini yake. Nimeona kwamba kapita anajua mambo kwa kadiri wale wa chini wanavyomruhusu, na kwamba siku karakana itakapokuwa kimya, kuna kitu wanakushonea. Zaidi ya hayo sijui. Sijawahi kusimamia watu kwa namna nyingine. Wewe itabidi uitafute, na utaitafuta ukiwa na sauti yangu kooni, maana unayo. Nimekusikia ukiwagombeza watoto wa dada yako. Ni sauti yangu, na hata kituo unachokiweka kabla ya swali ni changu.

Leo asubuhi, uliposema nimechelewa sokoni, nilikuwa nimekwenda ofisi ya wafanyakazi. Nilikuwa nimeandika karatasi moja: uzi niliutoa mimi, Ngalula alikuja kunionya, nikamvalisha, nikasaini. Karani ni kijana, amezaliwa hapahapa kambini. Aliisoma mara mbili. Akaniambia kwa heshima, "Mama, ile dosie ya kesi ilishakufa. Unapenda kufufua mufu juu ya nini? Mutoto wako anaanza kazi kesho kutwa." Akaikunja, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikamwambia aipokee. Akasema akiipokea itabidi aipeleke kwa mtu, na huyo mtu atauliza kwanza ni nani aliyeipokea.

Nilitoka. Yule kijana sikuwahi kumsimamia, lakini nilimtambua.

Karatasi hiyo nimeiunganisha na barua hii. Jina langu lote liko chini yake. Sitakuambia uifanyie nini. Ukiitoa huko, inawezekana wakakuondoa kabla hujakaa, kwa kuwa hawatapenda kapita aliyekuja na maiti. Ukiibakiza, Ngalula atafanya kazi chini yako akiwa bado mhalifu kwenye mafaili yao, na nadhani ndiyo sababu, baada ya miaka yote hiyo, jina lake liko mwishoni mwa orodha na wasichana wako juu yake. Najua ninakufanyia ukatili. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kuifanya kazi hii, nami ninakupa wewe siku moja.

Nilifikiri nipande treni na wewe. Nilitoa hata kitenge cha safari. Halafu nikaiona ile karakana: mimi nimesimama, wewe kapita wake umesimama kando yangu, na yeye amesimama mbele yetu wawili. Angefanya nini? Angenipa kiti. Angesema yamepita, Mama. Ningelia, angenipa kitambaa cha kujifutia. Ningerudi Likasi nimepumzika, na ingekuwa mara ya pili nimechukua kitu kwake mbele ya watu, kwa nguvu ya mtu aliye juu yake. Kwa hiyo siji.

Ninakuomba jambo moja tu, nalo ni gumu. Atakuuliza. Wanawake wa huko huuliza siku ya kwanza kabisa, hata kabla hujaweka mkoba chini: "Weye uko mutoto wa nani?" Usijibu kwa jina la baba yako. Taja langu, Shituru, karakana ya mavazi. Litaje mbele ya wote kumi na wanne. Halafu nyamaza, umpe muda wote anaoutaka, hata kama mashine zitasimama na utaona aibu.

Na usimwombe anisamehe. Ukimwomba atakubali palepale, kwa sababu atakuwa chini yako, ana kazi ya kulinda, na watu wa chini husamehe upesi. Huo msamaha usiuchukue, mwanangu. Mwache anichukie kwa uhuru wake, saa za kazi, mbele yako, na usimpunguzie chochote kwa ajili hiyo. Ukiweza kustahimili hilo siku moja, halafu ya pili, nadhani siku ya tatu mtu fulani ndani ya karakana hiyo atakuambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia mimi.

Mama yako